Swali Ambalo Sikumuuliza Mama Anirwoth

Bunia, Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na udongo wa mtaa wa Nyakasanza umeganda kwenye viatu vyangu vyeupe vya kazi. Sijavisafisha. Jioni hii sina moyo wa kusafisha kitu.

Leo nilikaribia kuua mtu. Niandike hivyo kwanza, kabla sijaanza kupambapamba maneno.

Mtu mwenyewe ni Ukelo, mchuuzi wa chumvi kutoka Mahagi, aliyeanguka na baiskeli mteremkoni akavunjika paja. Amelazwa kitanda cha dirishani, katika chumba ninachokihudumia kama muganga, yaani muuguzi. Tangu Jumatatu tunamchoma sindano ya pethidine kwa maumivu. Anayemlinda ni mke wake, Mama Anirwoth, maana hospitali yetu haipiki wala haifui. Mgonjwa asiye na mtu wake ataona taabu.

Juzi nilimkuta mama huyo akimpaka mumewe dawa ya mizizi kwenye goti. Nina ulimi mkali, najijua. Wenzangu wananiita Pilipili. Nilimwambia mbele ya chumba kizima kwamba nikiona tena dawa ya nje, nitamfukuza yeye na mizizi yake. Wagonjwa walicheka. Yeye aliinamisha kichwa, na miye nikajiona muganga wa kweli.

Basi jana Ukelo hakupata usingizi. Mke wake alikwenda sokoni akanunua Valium kwa wauza vidonge, ile dawa ya kutuliza na kulalisha. Leo asubuhi akampa vidonge vinne, vingine akavificha.

Saa tatu nikaja na sindano yangu. Nilichoma, nikaenda kitanda cha pili.

Sikuuliza kitu.

Pethidine peke yake tumeizoea. Valium peke yake pia. Lakini zikikutana mwilini zinalalisha hata pumzi. Hilo nilifundishwa shuleni, nikaliandika daftarini kwa mkono wangu huu.

Baada ya muda nilimsikia akikoroma. Nilifurahi. Niliwaambia hata majirani zake wanyamaze, mtu wa watu apumzike. Aliyeona ni mke wake. Alirudi na nguo alizofua, akamtazama mumewe mdomoni, akanitazama miye. Nilisogea. Midomo ya Ukelo ilikuwa rangi ya majivu. Nilishika saa yangu nikahesabu: pumzi nne kwa dakika nzima.

Daktari alikuja mbio na mpira wa kupulizia hewa. Kila alipopumzisha mkono, miye nilimshika Ukelo mashavu nikamwita: "Vuta pumuzi, baba. Vuta tena." Ilipofika saa sita alikuwa anatuitikia. Ndipo mama akafungua fundo la kitenge chake, akatoa karatasi yenye vidonge vilivyobaki.

"Niliogopa weye," aliniambia polepole. "Ulisema utanifukuza."

Daktari alimfokea, akamtoa nje ya chumba na kumkataza asirudi. Kisha akanigeukia, akaniita mwananchi kwa Kifaransa: "Citoyenne, umefanya kazi ya muzuri." Katika kitabu cha zamu niliandika: mke alificha dawa. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ni yangu.

Swali lenyewe ni fupi. Mama, tangu jana amekunywa dawa gani? Ningeliuliza kwa sauti ya mtu na mwenzake, angelifungua fundo lake kabla ya sindano.

Nilipokuwa natoka kazini, Mama Anirwoth alinisimamisha pale nyuma, kwenye majiko ya walinzi wa wagonjwa. Alikuwa amenipikia bugali na samaki.

"Aksanti kwa kunirudishia baba ya watoto," alisema. "Na unisamehe ujinga yangu."

Nilikula. Nilikula yote, naye amesimama mbele yangu na maji ya kunawa.

Kesho asubuhi kitabu kitasomwa mbele ya daktari na waganga wote. Chini ya maneno yangu umebaki mstari mmoja mtupu. Nataka kuandika hapo: muganga hakuuliza. Halafu nitoke nje, nimrudishe yule mama ndani kwa mkono.

Ulimi huu uliweza kumwaibisha mbele ya chumba kizima. Je, utaweza kumwomba radhi mbele ya watu walewale?