Chumvi Chini ya Zulia

Kasese

Rafiki yangu Twaha,

Gari limepona. Naanza na habari hiyo kwa sababu najua ndiyo ungeiuliza kwanza, kabla hata ya salamu. Tangu lilipotengenezwa nimekwenda Bwera na kurudi kila wiki, nimepanda nalo hadi Kyarumba wakati wa mvua, na halijazima hata mara moja. Mke wangu Mbambu ameacha kubeba viatu vya kutembelea ndani ya mkoba wake.

La pili ni gumu zaidi kuliandika. Gari hilo halikuwa bovu uliponiuzia.

Unakumbuka lilivyoanza. Miezi mitatu baada ya kulinunua kwako, tukija Bwera, likazima karibu na Kikorongo, tembo wakitutazama kutoka upande wa pili wa barabara. Nilikupigia simu. Ulikuja kwa bodaboda, sanduku la spana mapajani, ukafungua boneti, ukagusa hiki na kile, likawaka. "Mwalimu," ukaniambia, "gari hii inakuogopa. Inafikiri umebeba fimbo." Mke wangu alicheka mpaka akaegemea mlango. Mimi sikucheka. Laiti ningalicheka, Twaha.

Baada ya hapo lilizima Munkunyu, likazima sokoni Bwera, likazima mbele ya kanisa bibi arusi akiwa kiti cha nyuma. Mafundi wa Kasese walibadilisha plagi, kisha betri, kisha chujio la mafuta, kisha pampu yenyewe. Kila fundi alimlaumu aliyemtangulia. Kila mara lilikaa sawa kwa wiki mbili, halafu likarudia. Nami nikaamua moyoni kwamba ulijua. Mtu aliyeliendesha gari miaka miwili hawezi kukosa kuujua ugonjwa wake. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Na nikishaamua jambo, unanijua, sirudi nyuma kwa urahisi.

Nilikuambia mbele ya wenzako, pale mnapopakia malori, "Uliniuzia ugonjwa ukauita gari." Ulivua kofia ukaishika mkononi. "Mwalimu, kama kuna kitu mimi nilikuficha, Mungu aniulize." Niliondoka bila kukupa mkono. Presha ilikuchukua kabla ya mwezi kwisha, na hatukuwa tumeonana tena.

Nilikuja kukuzika. Isa, ndugu yako, alisimama kando ya jeneza akauliza kama ilivyo desturi yenu: "Kama kuna mutu ndugu yetu alimukosea, tunaomba amusamehe." Watu wakaitikia, "Tumemsamehe." Waislamu waliokuwa mbele, na sisi Wakristo tuliokuwa nyuma, wote. Mimi nilifunga mdomo. Nilijiambia kwamba sitaki kusema uongo mbele ya maiti, nikauita ukaidi wangu uaminifu. Hajjati, mkeo, alikuwa mlangoni pamoja na wanawake. Alinitazama. Aliona kwamba midomo yangu haikutikisika.

Miezi mitano ilipita. Gari likazima tena Bwera, na safari hii watu wakanielekeza kwa Mapendo, mwanamke kutoka ng'ambo ya mpaka anayetengeneza umeme wa magari. Hakufungua boneti. Aliingiza kichwa ndani ya gari, akanusa.

"Papa, hii motokari iko inanuka samaki. Munabebaka samaki?"

Nikamwambia ndiyo, kila Jumamosi tunatoka Kasenyi na samaki wa chumvi anaowauza mke wangu, lakini kwa usafi kabisa: natandika majani ya mgomba chini ya magunia, na tukifika nyumbani namwaga ndoo mbili za maji ndani na kusugua mpaka harufu iishe. Nilimweleza kwa fahari kidogo.

"Ndoo mbili?" akasema. "Mule ndani?"

Alikitoa kiti cha mbele, akafunua zulia. Twaha, ningependa ungeona. Yale majani yangu yalikuwa yakiyaongoza maji ya chumvi kama mifereji, kwenye ule mfuo wa katikati ya jani, moja kwa moja hadi kando ya mlango. Ndipo unapopita waya unaokwenda kwenye pampu ya mafuta. Kisha ndoo zangu zilikuwa zikiisukuma chumvi mpaka ndani ya kiungo chake. Kiungo kilikuwa kimeliwa, kimekuwa kijani kama mkate ulioota ukungu. Kadiri nilivyoosha ndivyo nilivyoharibu.

"Moteri haina makosa," Mapendo akasema. "Makosa ni ndoo yako, Papa."

Niliketi juu ya tairi kuukuu. Nilitarajia aibu, na aibu ilikuja baadaye, lakini kilichotangulia kilikuwa furaha. Hukunidanganya! Miezi yote ile nilikuwa nikimlilia nusu ya mtu. Kila nilipokumbuka tulivyokaa ndani ya lori lako Kyarumba, tukimenya muhogo wa kuchoma huku watu wakishusha kahawa vichwani kwenye vijia vile, wazo moja lilifuata nyuma: huyu alikuficha. Sasa naukumbuka muhogo ule na hakuna kinachofuata. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kufurahi hivyo kwa kugundua kwamba kosa ni lake.

Siku ileile nilikwenda nyumbani kwako. Hajjati alikuwa amemaliza eda. Isa alikuwepo, na majirani waliotoka kusali Alasiri. Sikukubali kuketi. Niliwaeleza yote nikiwa nimesimama: majani, ndoo, kiungo. Isa hakuweza kujizuia. "Kumbe Mwalimu alikuwa anaogesha gari na chumvi! Sasa na wewe unachapwa na nani?" Wakacheka wote, nami nikacheka nao.

Hajjati hakucheka. Alingoja watulie.

"Mwalimu, ile siku niliona wewe hukujibu. Toka hapo kila nikisali nafikiria mzee yangu kule chini, iko anangoja neno yako."

Nilipiga magoti, magoti haya yanayolia, nikamwomba msamaha. Aliniinua kwa mkono wake mwenyewe.

"Mimi upande yangu nimekusamehe," akasema. "Upande ya Twaha, ongea na yeye."

Ndiyo maana nakuandikia. Sijui njia nyingine ya kuongea nawe.

Hukunikosea, rafiki yangu. Hapakuwa na kitu cha kukusamehe siku ile, na nilipaswa kuitikia pamoja na watu hata kama kingalikuwepo. Mimi ndiye niliyekukosea, kwanza kwa maneno yangu, kisha kwa kunyamaza kwangu, na kunyamaza ndiko kulikomnyima mkeo usingizi. Nisamehe. Najua ungenisamehe kabla sijamaliza kusema, kisha ungenitania mwaka mzima. Nautamani sana mwaka huo wa kutaniwa.

Nakuahidi jambo moja. Siku ya soko nitakwenda pale mnapopakia malori, ambapo watu walinisikia nikikuita mwongo, na nitasema habari za chumvi kwa sauti ileile, isipungue hata kidogo. Atakayetaka kucheka na acheke. Gari likizima njiani, nitakwenda kwa miguu.

Pumzika sasa, Twaha. Neno ulilokuwa ukilingoja umelipata.

Rafiki yako,
Mwalimu Baluku