Kikombe Alichokisukuma Baba

Morogoro, 2 Juni 2024

Kaka Muganyizi,

Shikamoo. Mimi mzima, nasumbuliwa na baridi ya huku tu. Baba anaendeleaje na kifua chake? Wifi Angela na watoto hawajambo?

Nakuandikia barua maana kwenye simu tunakatiana. Kaka, nimeiona picha uliyonitumia, baba ameshika kikombe cha chai, na ndani ya kikombe nimeyaona maua yangu! Nani kachuma? Nilipokuja kupanda mwezi wa tatu nilisema mbele yenu wote: kitalu kile chini ya dirisha la baba kisiguswe. Kamomili ile nimeichagua miaka minne, mche kwa mche. Nyingine zote tukizikamua kwa mvuke zinatoa mafuta yaliyopauka, mnunuzi ananusa, anaondoka. Hii peke yake ndiyo iliyotoa mafuta ya buluu, yamekolea kama wino. Mbegu zote nilizokuwa nazo nilizipanda hapo Kisesa, kwa sababu hapa kituoni tunapotafiti mimea kuna kamomili za kila aina na nyuki wanazichanganya, na hapo kwetu hakuna mwingine anayeilima. Sina akiba hata ya kijiko. Ua likichumwa kabla halijakauka, mbegu ndiyo imekwenda. Sasa niseme kwa lugha gani ndipo mnielewe?

Mwambie wifi aache. Asiguse hata moja.

Mdogo wako,
Koku

*

Kisesa, 11 Juni 2024

Mdogo wangu Kokulinda,

Marahaba. Sisi tupo. Watoto wana mafua, Angela anakusalimu ingawa barua yako imemliza.

Umemuulizia baba kwa mstari mmoja, halafu maua ukurasa mzima. Haya, nikujibu. Baba halali. Kifua kinambana, anakesha ameegemea ukuta. Angela alichuma maua kiganja kimoja tu akamchemshia, mzee akalala usingizi mzito mpaka tukaogopa. Ndilo kosa la wifi yako hilo. Wewe umesoma mpaka ukafika huko uliko, unaotesha majani ya kuwatuliza watu wa Ulaya, halafu baba yako mzazi anyimwe kikombe? Huoni haya?

Na kuna jambo jingine. Aliniuliza, "Koku kaandika nini?" Nikataka kumficha, akanyoosha mkono. Akavaa miwani, akaisoma mwenyewe neno kwa neno, unamjua mwalimu yule. Tangu siku hiyo Angela akimpelekea kikombe anakisukuma. "Hiyo ni kazi ya mtoto," anasema. Kisha anaburuta kiti mpaka kwenye kitalu chako, anafukuza kuku kwa fimbo, anasogezasogeza majani utafikiri anakagua madaftari. Akirudi ndani mikono yake inanukia maua hayo.

Sasa furahi. Lakini njoo umwone, tena uje mapema.

Kaka yako,
Muganyizi

*

Morogoro, 20 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Watoto wape pole ya mafua.

Usinitwishe ugonjwa wa baba. Kifua hakitibiwi kwa chai, mpelekeni hospitali! Wewe tangu zamani kazi yangu unaiita "bustani ya Koku", unacheka na wenzako dukani. Mimi nimewahi kuja dukani kwako Mkolani nikagawa vipuri vyako kwa wapita njia? Mbona kazi yako ni kazi, na yangu ni majani?

Nitakuja mwisho wa Julai, zamu yangu kwenye mtambo wa kukamulia mafuta ikiisha. Nikiiacha, zamu nyingine ni mwakani. Mwambie baba avumilie kidogo. Mwambie mbegu zikishakauka nitamchemshia mwenyewe, si kikombe, birika zima, tena nitakaa hapo mpaka alimalize.

Mdogo wako,
Koku

*

Kisesa, 3 Agosti 2024

Kokulinda,

Salamu sina.

Baba tumemzika Jumamosi, wewe ukaingia Jumapili. Basi liliharibika Singida, sawa, hilo silaumu. Wazee wa ukoo kutoka Muleba walitaka mwili uvuke ziwa ukazikwe kwetu, nikapigana nao peke yangu, maana baba alishasema Kisesa. Hilo pia silaumu.

Ila shangazi Renatha alikuja kukupokea kwa kilio, mikono kaifungua, ukampita. Ukaenda kusimama katikati ya turubai, ukauliza, "Kitalu changu kiko wapi? Nani kalima hapa?" Msibani, Koku! Hujauliza hata kaburi liko wapi! Mzee Machibya, jirani aliyefika na jembe lake kabla ya wote, ukamwita mharibifu mbele za watu. Mimi nilikuwa mochwari. Na hata ningekuwepo, tangu lini mfiwa akawaelekeza majirani pa kulima na pa kuacha? Mfiwa anakaa chini, watu ndio wanaomfanyia. Waliona majani yamekauka, wakalima uwanja watu wapate pa kukaa, kama wanavyofanya kwenye kila msiba. Udongo wakauzoa, wakamalizia tuta la kaburi maana lilikuwa pungufu.

Kesho yake ukaondoka bila kuaga. Kisesa nzima inasema binti wa mwalimu alikuja kuomboleza maua.

Usiniandikie tena.

Muganyizi

*

Morogoro, 18 Agosti 2024

Kaka,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Nilipoingia pale uwanjani nilikuwa namtafuta baba. Wewe ndiye uliyeniandikia anakaa wapi: kwenye kiti, kando ya kitalu. Macho yalikwenda huko yenyewe. Hakuna kiti, hakuna ua hata moja, watu wametandika mkeka wanakula wali. Ulitaka niulize nini? Kaburi? Sikutaka kuliona kaburi! Na mpaka leo sijaliona.

Kituo kimenidai mbegu, nimewaambia hazipo. Usiseme ziko kaburini, mbegu ya kamomili ni vumbi, ikifukiwa ndani haioti. Miaka minne imekwisha, na baba amekwisha, na kile kikombe nilimnyima bure. Sikupata mbegu na yeye hakupata usingizi. Nina hasira na basi, na Machibya, na mtambo, na mimi mwenyewe, lakini wewe, kaka, wewe! Vijiti vinne na kamba ungezungushia wakati baba yu hai, vingekushinda? Ulijua kitalu kile ni nini kwangu. Ulikiacha wazi kwa sababu ulinichukia. Kanusha.

Mdogo wako, utake usitake,
Koku

*

Kisesa, 24 Novemba 2024

Kokulinda,

Nilikukataza wewe kuandika, mimi sikujikataza. Watoto wazima. Angela anakusalimu, mimi bado sijafika huko.

Vijiti na kamba sikuvifikiria. Kukuchukia sikukuchukia. Nilikuwa nimekasirika, na hata leo nimekasirika.

Mvua zimeanza. Juzi alikuja fundi na saruji na vigae vya kujengea kaburi, shangazi Renatha anataka liwe tayari kabla ya Krismasi. Fundi akasema tusafishe tuta kwanza, limeota magugu. Nikainama, nikang'oa moja. Koku, ile harufu! Ile ile aliyokuwa anaingia nayo baba mikononi. Nikakaa palepale kwenye matope, nikalia kilio ambacho msibani kilinikataa. Maua yako yameota tuta zima. Ule udongo wa kitalu waliumwaga mwisho, ukakaa juu, hawakuufukia. Lile moja nililong'oa nimelirudishia, sijui kama litashika.

Fundi nimemrudisha na vigae vyake. Shangazi amenitukana mbele ya wanangu, eti namwacha kaka yake alale chini ya majani. Nimemwambia hiyo ni kazi ya mtoto. Machibya amezungushia miiba kuku wasiingie, ingawa amesema hakusalimii.

Sitagusa ua hata moja, wala Angela hatagusa. Mbegu zikikauka zitakuwa zako, uende nazo unakokwenda. Lakini uje kabla hazijakauka, uje na lile birika ulilomwahidi.

Na ukifika, uliza kama ulivyouliza siku ile, sauti kubwa, mbele za watu: kitalu changu kiko wapi? Tutakupeleka kwa baba.

Kaka yako,
Muganyizi