Mlima Nyuma ya Twiga

Kambini, 3 Februari 2025

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Je, kile kikohozi cha vumbi la mbao kimekuachia, au bado kinawaamsha majirani wote wa Tassia?

Huku simu haishiki kabisa. Barua nampa Barre, anayepeleka bidhaa za Eastleigh kaskazini kwa lori na kupita kambini kila juma. Nawe mpe majibu kabla hajapakia.

Baba, nimewaona! Msururu mzima wa twiga, wamechorwa mwambani kwa udongo mwekundu, huenda maelfu ya miaka iliyopita. Miaka yote hii nasomea akiolojia, na kila Krismasi unaniuliza kama mawe yatanioa. Basi nimekunakilia hapa twiga pamoja na mlima wa vichwa viwili ulio nyuma yao, uyaone mawe yanayokunyima mkwe.

Mwanao,
Mwelu

Gikomba, 17 Februari 2025

Mwanangu Mwelu, jina la mamangu,

Pokea salamu zangu. Mimi nipo, kikohozi nacho kipo, tumeshazoeana.

Mchoro wako ulinifurahisha hata nikauchonga kwenye ubao wa mvule, twiga na mlima na kila kitu, nikautundika mlangoni pa karakana. Watu walisimama kuutazama. Kisha Alhamisi wakaja wanaume wawili ambao twiga hawakuwatazama kabisa. Mmoja, mwenye koti la ngozi, aliweka kidole kwenye mlima.

"Buda, hii mlima iko wapi?"

Nikamwambia hiyo ni kazi ya binti yangu anayechunguza mambo ya kale. Sijui kwa nini nilikutaja. Ilikuwa fahari tu ya mzazi. Akapiga ubao picha. Jumamosi walirudi kuuliza unafanyia kazi wapi na utarudi lini, na fundi wa jirani anasema waliuliza ninakoishi. Mwanangu, kuna nini huko mlimani? Moyo wangu hautulii.

Baba yako

Kambini, 25 Februari 2025

Baba,

Salamu, na Mungu akulinde. Ukiona mwandiko umepinda, ni kwamba naandika gizani.

Hao ni wasaka mali. Wanaamini kwamba watu wa kale walichora wanyama ili kuonyesha walipofukia dhahabu, basi wanapasua mwamba kwa nyundo na baruti. Dhahabu hakuna, baba, haijawahi kuwepo, lakini mtu akishaamini humwambii kitu. Mwaka jana walivunja mwamba tuliokuwa tunauchunguza. Mlinzi wetu Muthama alipowazuia, wakamvunja miguu yote miwili. Hajatembea mpaka leo.

Sheria ya kwanza ya kazi yetu ni kutomwonyesha mtu mahali michoro ilipo. Nawafundisha wanafunzi hivyo, kisha nikakutumia wewe mlima mzima bila neno la kukuonya. Kosa ni langu. Ushushe ubao, usiwajibu kitu, uende ukakae kwa shangazi Mbinya.

Huku tuko wawili tu, mimi na mlinzi mpya, Wehliye, na rungu lake. Nikisikia gari nazima taa. Hata lori la Barre limeniogofya leo.

Mwanao,
Mwelu

Tassia, 6 Machi 2025

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Yako ilichelewa, mvua ilikata barabara. Ilipofika, wale watu walikuwa wameshakuja nyumbani, wakakalia viti vyangu na kunywa chai yangu. Yule wa koti anasema Jumapili atamwonyesha picha dereva mmoja, si Barre, anayeijua kaskazini yote. Dereva huyo akiuona mlima ataujua tu. Askari niliyemweleza aliniuliza tangu lini kuuliza njia kukawa kosa.

Basi nimewaambia mlima niliutunga mwenyewe ili kujaza ubao, na kwamba twiga wenyewe wako kwetu kijijini, Kilima cha Mizinga. Wameamini. Jumamosi jioni wananichukua, asubuhi yake nikawaonyeshe.

Usilie. Unalikumbuka lile pango ambalo babu yako alitundika mizinga ya nyuki mlangoni pake? Wakianza kugonga mwamba, nyuki watajua la kufanya. Mimi nitatokea kwenye tundu la nyuma, nililokuwa nikipita nikichunga mbuzi. Tatizo ni kwamba siku hizo nilikuwa mwembamba.

Naogopa, mwanangu. Naogopa sana, nakuambia wewe tu. Lakini afadhali waniulize mimi kuliko wakuulize wewe. Panda lori la Barre uondoke huko.

Baba yako

Tassia, 9 Machi 2025

Baba,

Leo sina salamu. Barua yako ilinifikia jana, Jumamosi yenyewe, na Barre ameendesha bila kulala mpaka hapa. Ukirudi kabla yangu utaikuta hii mezani, ujue nimekufuata.

Ubao nimeuona hapa nyumbani. Umeupiga randa pale palipokuwa na mlima, twiga wanatembea na nyuma yao hakuna kitu. Maranda bado yako sakafuni, na kikombe cha mtu mwingine kiko kwenye kiti chako. Sikuthubutu kukigusa.

Simu yako ilikuwa imezimwa tangu jana. Nimepiga sasa hivi, ikaita, ikapokelewa. Nilisikia nyuki, baba, nyuki wengi, na watu wakipiga kelele kwa mbali. Kisha karibu kabisa na simu mtu akakohoa, akajizuia, akakohoa tena. Kikohozi hicho nimelelewa nacho. Halafu ikakatika.

Sitapiga tena, mlio usije ukawaonyesha ulipojificha. Nimempigia baba mdogo Wathome huko kijijini, ameshatoka na wanaume wa kwetu kukutafuta. Mimi na Barre tunaondoka sasa hivi, lori linanguruma chini.

Jibane humo humo tunduni. Jifunike kwa koti, uma mkono, fanya lolote, lakini usikohoe. Nakuja, baba. Usikohoe.

Mwanao,
Mwelu