Pahali pa Kushukia

Dodoma,
21 Juni 1914

Mpwa wangu mpendwa Sila,

Marahaba. Salamu yako imefika, nami nauliza hali yako kabla ya neno lolote. Je, homa ya pwani imekuacha? Unakula vizuri? Sisi huku tu wazima, ila mke wangu Ruthu anasumbuliwa na goti. Mavuno yamekwisha. Mabua bado yamesimama mashambani, yakiwangoja ng'ombe kama kila kiangazi.

Sasa nije kwenye habari yako. Umeandika kwamba Bwana unayemtumikia ataifuata reli kwa ndege yake mpaka kwetu, nawe, fundi wake, utaketi nyuma yake. Umeandika pia kwamba ndege hiyo ina mashine moja tu, na kwamba ilikwisha kuzimika angani, mkashuka mchangani ufukweni. Kisha ukamalizia: labda haitazimika tena. Sila, sikukusomesha ili utegemee labda. Anayepanda juu kwa mashine moja na aondoke akijua kwamba itazimika, na ajue atakaposhukia.

Mama yako alinitaka nikukataze. Alisema, "Kaka, mwandikie aje kwa gari la moshi kama watu." Sikumlaumu, maana hana mtoto mwingine. Lakini wewe ni mtu mzima na umekwisha kutoa neno lako. Kwa hiyo badala ya kukukataza nilipanda kilima, niitazame nchi kama mtakavyoitazama ninyi.

Niliona uwanja tambarare, usio na kichaka, nikaufurahia. Halfani, yule mfanyabiashara wa Kondoa, alikuwa amenisindikiza. Alicheka mpaka akaketi. "Mwalimu, hilo ni paa la dada yako."

Ilikuwa kweli. Nimezaliwa ndani ya tembe, na bado nilikosea. Bwana wako, asiyejua kwamba sisi huezeka kwa udongo, atakosea zaidi. Mweleze kabla hamjaondoka.

Kando ya reli napo pasiwadanganye, kwa kuwa nyaya za simu zimepita hapo, na kutoka juu hamtaziona. Umesema kwamba ndege hushuka ikiukabili upepo. Kwetu upepo wa kiangazi hutoka mashariki, nanyi mtatoka huko huko. Basi tazameni moshi wa majiko, mgeuke, ndipo mshuke. Tena chagueni pahali mashine ikiwa bado inanguruma. Ikishanyamaza, msianze kutafuta pazuri zaidi.

Tulipomsimulia mama yako habari za paa, Halfani alimtania: "Mama Sila, usihofu, akikuangukia atakuanulia uwele ulioanika paani." Dada yangu Anyesi hakucheka.

Asubuhi iliyofuata alipanda juu ya tembe, akauanua uwele wake kabla haujakauka, akamwaga majivu paa zima. Majirani wamemfuata, wengine kwa huruma, wengine kwa kumwogopa. Kwa hiyo shika neno hili: penye majivu pana watu chini yake. Msishuke hapo.

Jana nilimkuta shambani mwake, upande wa magharibi wa nyumba, ana panga mkononi, anafyeka mabua na kuyang'oa mashina. Nilimwuliza ng'ombe wake watakula nini.

"Watakula kwa watu," akasema. "Sogea, kaka, umesimama juu ya mashina."

Ruthu anakusalimu, na Halfani pia. Anaomba umletee picha ya ndege, akawaoneshe watu wa Kondoa wasiomsadiki. Mungu akulinde uwapo juu, na akufikishe chini salama.

Mama yako hajasema kwamba amekuruhusu, nami sitasema kwa niaba yake. Ila ukiona shamba moja lisilo na bua hata moja, katikati ya mashamba ambayo mabua yake yamesimama, hapo ni kwenu.

Mjomba wako akupendaye,
Petro Chidosa