Koroboi Ilipozimika Kisimani

Mpendwa baba,

Watu wa Isevya bado wanakutaja kwa visima ulivyowachimbia. Mimi nakukumbuka zaidi ukiwa umelala ndani ya shimo nyuma ya nyumba yetu, unajifanya umekufa.

Ndivyo ulivyotufundisha kazi, mimi na mdogo wangu Jumanne. Ulikuwa ukichimba huku unapiga soga, mara unanyamaza. Jumanne alirukia ndani kila mara. Ulimdaka mguu ukamwambia, "Mmekufa wawili sasa. Nani atamwambia mama yenu?" Tunaanza upya. Kwanza tunashusha koroboi kwa kamba. Ikizimika, chini kuna hewa mbaya, haingii mtu. Tunashusha tita la matawi, tunalipandisha na kulishusha ili hewa ichanganyike, tunamwaga maji, tunajaribu koroboi tena. Ulitupigia kelele masikioni tukiwasha kiberiti. Ulimwamuru Jumanne anililie kama yuko msibani. Ulitaka mikono ijue kazi hata kichwa kikipotea.

Siku ile kule Itetemia, ukiwa chini kisimani, ulifungua kamba kiunoni ukaifunga kwenye jiwe kubwa, ukasema, "Vuteni." Tukavuta. Jiwe lilipofika juu tukalisukumia pembeni.

"Tayari, baba," nikasema.

Hukuitika. Nilidhani unatujaribu. Nikachungulia, nikaona mgongo wako tu.

Jumanne alikuwa ameshavua viatu. Nilimkumbatia kiuno tukaanguka wote chini, nikamlalia.

"Niachie, dada! Baba anakufa!"

Nikapiga yowe wenye nyumba wakaja wakamshika, naye akinitukana matusi ambayo siwezi kukuandikia. Mimi nikawasha koroboi nikaishusha. Ikazimika. Nikashusha matawi, nikamwaga maji, nikawasha tena. Ikazimika. Sikulia wala sikutetemeka, baba, na hilo ndilo watu waliloliona wakalisema mtaa mzima. Ilipokubali kubaki inawaka, nilimfunga Jumanne kamba mwenyewe, nikalikagua fundo, akashuka kukuchukua. Tulikuvuta ukiwa mzito kuliko lile jiwe. Roho ilikuwa imeshatoka.

Matangani, watu wakiwa wamekaa mkekani, Jumanne alinyanyuka akaninyooshea kidole. "Huyu alikaa anachezea taa, baba yetu anakufa." Hakuna aliyenitetea. Mama aliinamisha uso. Toka siku hiyo ndugu yangu hajanisemesha, na kazi ya visima ameiacha.

Mimi sikuiacha. Sasa nawafundisha vijana wa Kwihara, na nawafundisha kwa ukali wako uleule. Majuzi binti mmoja ambaye mikono yake tayari inaijua kazi aliniuliza, "Fundi, na kama aliyeko chini ni baba yako?"

"Basi hapo ndipo hasa usiingie," nikamjibu. Nikawaambia wapumzike, nikaenda kukaa peke yangu.

Najua nilifanya ulichonifundisha. Najua pia kwamba ningemwachia Jumanne, tungezika wawili, au watatu. Lakini kulijua jambo hilo hakunipi usingizi, baba. Kuna wakati nakukasirikia. Ulitupa njia ya kumwokoa aliyebaki juu, halafu ukaniachia mimi ndiye niitumie kwako.

Sikukuu iliyopita nilikwenda kwa Jumanne. Aliposikia sauti yangu akatoka kwa mlango wa uani. Mkewe alinikaribisha kwa haya, akamsukuma mbele kitindamimba wao, aliyezaliwa wewe ukiwa umeshaondoka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," nikaitika, nikamshika kichwa. Ana paji lako la uso. Nikakaa naye pale barazani mpaka chai ikapoa, na baba yake hakurudi hadi nilipoondoka.

Mungu akulaze pema, baba yangu. Kwa Jumanne nitakwenda tena.

Ni mimi,
binti yako mkubwa