Mpishi Aliyeacha Kuonja

Mjukuu wangu Salma,

Sisi hapa Kuze tu wazima, alhamdulillahi, na mamako akusalimia. Waniuliza kwa nini umeze dawa ya presha kila siku na hali huumwi popote.

Nilipokuwa kigori, shangazi yangu Rukia, mpishi wa harusi, alipimwa akaambiwa presha iko juu, apunguze chumvi. Yeye ambaye hakumruhusu mtu kugusa sufuria zake, akaacha kuonja, akanipa mimi upawa. Wenzake wakamcheka.

"Shangazi, kwani waumwa wapi?" nikamuuliza.

"Siumwi popote, mwanangu. Presha haipigi hodi." Akameza kidonge chake, akarudi jikoni.

Miaka mingi baadaye, pilau ya harusi ya mamako aliipika yeye. Kuonja, nilionja mimi.

Nyanya yako