Alama za Penseli kwenye Mayai Tisa

Gitting, Hanang
Jumanne, 11 Machi

Mdogo wangu mpendwa Onesphory,

Najua ungekuwa hapa ungeanza na shikamoo dada, basi marahaba yako naitanguliza. Unaendeleaje na wanafunzi wako huko Masakta? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa mpaka darasani? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Mvua imeanza, maharage yameota vizuri, na yule ng'ombe mweupe amezaa ndama jike. Baba Hhando anakusalimu sana.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningesikia sauti yako tu, nikakata. Naomba usome ukiwa peke yako, usiwasomee walimu wenzako.

Ni habari ya mayai ya Madam, yule nyoka wako wa kufundishia. Ulipoyaleta baada ya Krismasi, kwa kuwa umeme wa chumba chako unakatika sana, ulikaa kiti cha mbele cha gari umelipakata lile kopo kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nilikubali kwa kuwa ni wewe. Ulinielekeza vizuri, tena kwa uvumilivu. Ninawe mikono kabla ya kugusa na baada ya kugusa. Yale mawili yaliyogandana nisiyabandue. Mchanga ukikauka nitie maji kidogo pembeni, yasiyaguse mayai. Kipima joto kisome ishirini na nane. Na kubwa kuliko yote, nisiyageuze, maana kile kinachokua ndani kimeshajishika upande wa juu, ukikipindua kinakufa. Ndiyo maana ulichora alama ya penseli juu ya kila yai. Nikakuuliza mbona kuku wangu anageuza ya kwake kila siku? Ukacheka ukasema, dada, kuku na nyoka hawakusoma darasa moja.

Idd fundi umeme akatengeneza lile kasha la mbao, akafunga balbu na kile kifaa cha kuizima joto likizidi. Hakutaka hata shilingi, alisema ni kwa ajili yako, rafiki yake. Kila Jumamosi alipita kulikagua, anavua viatu mlangoni, anasema shikamoo mama, wajukuu wanaendeleaje?

Sasa ikafika wiki ya jumuiya kusali kwangu. Unamjua Violeth, mwenyekiti wetu, mdomo wake hauna mlango. Sijui nani alimwambia. Tukiwa tunatoka kanisani alinisimamisha mbele ya watu, akaniuliza kwa sauti, Mama Hhando, siku hizi unaatamia? Watu wakaangua kicheko. Akaendelea kwamba wengine wataleta rozari kwangu na wengine wataleta fimbo. Mzee Bura naye akasema yeye atasalia nje, Mungu anasikia hata uani. Nilicheka nao, Onesphory. Lakini nilifika nyumbani nimekufa kwa aibu, mimi niliyesomesha watoto wao katekisimu miaka kumi na miwili.

Walikuja, tulisali, chai ikanyweka. Violeth alipouliza nyoka wako wapi, nikamjibu kwamba kwangu hakuna kitu kitakachototoa. Akapiga makofi.

Ulipokuja Februari ukamulika mayai kwa tochi ya simu, hukuona hata mshipa mmoja mwekundu. Yalikuwa yamebonyea, mengine na ukungu. Ukapasua moja, tukakiona kile kidogo kilichojikunja, chembamba kama uzi wa kushonea viatu, na macho yake tayari. Kisha ukasema alama zote ziko juu, kwa hiyo hakuna aliyeyagusa, basi ni joto, Idd ametuua. Ukaenda dukani kwake ukamwambia mbele ya wateja kwamba ni fundi wa kubahatisha. Alijitetea kwamba kifaa chake ni kizima. Hukumsikiliza. Tangu siku hiyo hamsalimiani, na nimesikia watu wawili wamempokonya kazi za kufunga umeme, wanasema hata mwalimu alimkataa.

Mdogo wangu, kifaa cha Idd kilikuwa kizima. Ni mimi.

Siku moja kabla ya jumuiya, baada ya kumaliza kufagia, nilifungua kasha nikayapindua yote tisa, hata yale yaliyogandana. Usidhani nilisahau, au nilifuata desturi ya kuku. Nilikumbuka maneno yako yote, na ndiyo niliyoyatumia. Kuyatupa ungejua. Kwa hiyo nililowesha kidole kwa mate nikafuta alama zako moja moja, nikachukua penseli ya Hhando nikachora nyingine upande uliokuwa chini. Nilinawa mikono kama ulivyonifundisha. Kisha nikatandika kitambaa cheupe mezani kwa ajili ya msalaba.

Idd bado ananiamkia njiani. Namwitikia marahaba huku naangalia chini. Komunyo sijapokea Jumapili ya tatu sasa, nasingizia magoti.

Kesho Idd anakuja huko Masakta kumfungia mteja sola. Barua hii nitampa yeye mkononi, bila kuifunga, na nitamwomba aisome kwanza hapo hapo mbele yangu. Akikataa kuileta nitapanda gari niilete mwenyewe. Kwa Violeth na jumuiya nitasema Alhamisi, tukimaliza sala, kabla hawajasimama.

Ukiipokea kutoka kwa Idd, mpe kiti. Anza na yeye. Mimi nitasubiri zamu yangu, hata kama ni mwaka mzima.

Msalimie wifi na watoto, na Mungu akulindie hicho kifua.

Ni mimi dada yako,
Hilaria